Mtungi wa Maji ya Rejeta

Nakumbuka Jumapili ile ya chai, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ningewapa wageni uji. Hadithi hii sijaisimulia kanisani wala kwenye chama cha akina mama, na watu wengi hapa Kathonzweni bado wanaamini kwamba gari la baba liliharibika kwa sababu ya mkanda wa injini. Mkanda haukuwa na kosa lolote. Nimeusingizia miaka mingi na leo nataka kuutua mzigo huu, hasa kwa kuwa nakuona wewe nawe umeanza kujibu "iko sawa" kabla hujaulizwa swali lenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umakanika na kiburi ambacho hakikuhitaji cheti. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndivyo nilivyoitwa Syombua, jina la Susu, nyanya yangu aliyekuwa akiishi Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi. Na kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, baba hakuniita Syombua hata siku moja. Aliniita Mwaitu, ndiyo kusema mama yangu, kama alivyomwita Susu mwenyewe. Nikiwa bado mtoto wa kulowesha kitanda niliitwa Mwaitu. "Mwaitu, niletee spana. Mwaitu, umekula?" Mama mzazi alifariki nikiwa darasa la saba, nyumba ikabaki ya sisi wawili, na jina lile likawa linanitosha kwa mengi niliyoyakosa.

Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye machimbo ya mawe. Tajiri huyo alikuwa ameagiza gari la kujiundia mwenyewe nyumbani, likaja ndani ya sanduku kubwa la mbao: chasisi, vipande vya bodi na kijitabu cha michoro. Halikuwa na injini, wala rejeta ya kuipoza. Kabla hajafunga hata bolti kumi akauza machimbo akaondoka, na sanduku akamwachia baba kwa kumshukuru. Lilikaa kwenye banda letu miaka, kuku wakitagia ndani yake.

Kisha kiharusi kikampiga baba asubuhi moja akinyoa ndevu. Mguu ulirudi baada ya miezi michache. Mkono wa kulia ukakataa. Ungeweza kushika kikombe kitupu, lakini usukani wa gari ungeushinda. Susu naye alikuwa amezeeka, macho yamefifia, hawezi tena kuvuka Athi kuja kwetu. Watu wakamwambia baba, twende tukupeleke, tutakupandisha na kukushusha. Akawajibu, "Nilitoka kwa Mwaitu na miguu yangu. Sirudi huko nikibebwa kama gunia ya mahindi. Nitaenda nikiendesha." Miaka miwili ikapita hivyo, mama na mwanawe hawajaonana, na safari yenyewe ni ya nusu siku.

Ndipo nikamwambia baba tulifungue lile sanduku. Nilimwahidi kwamba nitamuundia gari ambalo mkono mmoja unalitosha.

Tulifanya kazi mwaka mzima. Yeye alikaa kwenye stuli na kijitabu magotini, mimi nikiwa chini ya chuma. Injini tuliitoa kwenye pikapu iliyopinduka, pamoja na gia zake zinazojibadilisha zenyewe, rejeta kwenye gari jingine lililozeeka. Pawa stelingi, ile pampu inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, niliipata kwenye gari dogo lililokuwa likioza nyuma ya gereji. Kijitabu hakikuwa na mchoro wake, kwa hiyo kila kishikizo nilikikata na kukichomelea mwenyewe. Baba alinifundisha kuvuta uzi kutoka puli moja, kile kigurudumu cha mkanda, hadi nyingine, ili mkanda wa kuizungusha pampu ukae wima usilike. Siku ya kuitia oili nilipandisha magurudumu ya mbele kwa jeki, nikazungusha usukani kulia na kushoto hadi mabega yakawaka, nikingoja mapovu yaishe kwenye kikopo chake cha oili. Baba alisema tu, "Bado. Endelea, Mwaitu. Hewa haina haraka." Jumamosi jioni akaingia, nikawasha injini kwa dakika mbili tu kwa kuwa ilikuwa bado haina maji, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya usukani, na magurudumu yakageuka kama mlango uliopakwa mafuta. Akaugeuza tena na tena. Nikajifanya natafuta spana ili asinione nikilia, na nadhani yeye pia alikuwa akitafuta kitu.

Ilibaki kazi moja, maji ya rejeta. Nawe unayajua maji ya kisima chetu. Ukinawa nayo ngozi hufanya weupe, na sufuria hupata magamba ndani. Baba alisema injini yake haitakunywa chumvi ile, maana chumvi hula chuma na kuziba vile vijitundu vyembamba vya rejeta. Ulikuwa mwezi wa tisa, matangi yote makavu. Susu aliposikia habari akafungua tangi lake la maji ya mvua, ambalo bomba lake alilifunga kwa kufuli na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso, akajaza mtungi wa lita ishirini na kuutuma na watu wa mnada. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: hayo ni ya gari la mwanangu, lije lifike.

Baba aliuweka mtungi ule chumbani kwake. Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, akanikabidhi. "Weka hii kwa rejeta, Mwaitu. Usimwage hata tone." Baada ya ibada mchungaji na waumini wangekuja kuliombea gari, na mimi nilibaki nyumbani kulijaza na kupika chai.

Mwenye punda wa maji matamu, niliyemwagiza toka Ijumaa, hakutokea. Sisi wawili tulikuwa tumezoea chai ya rangi ya maji ya kisima, lakini wageni sitini huwezi kuwapa chai ya rangi. Nikajaribu kuchemsha maziwa kidogo na maji ya kisima. Mama Mutua, jirani yetu aliyekuja kunisaidia, akafunua sufuria, akachota na kijiko, akaonja.

"Hii maziwa imekatika, Syombua," akasema. "Na hata ingekuwa haijakatika, ina chumvi." Kisha akaongeza kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, "Lakini si neno. Wageni wanajua nyumba haina mama. Wataelewa."

Mwanangu, sikutaka waelewe. Nilitaka siku moja watu waondoke nyumbani kwetu bila kutuhurumia. Niliimwaga chai ile nyuma ya banda la kuku, nikaenda chumbani, nikauchukua mtungi wa Susu nikaumimina wote kwenye sufuria kubwa. Kisha nikachota kisimani, nikainua pua ya gari kwa jeki, nikaijaza rejeta maji yale yale niliyoyakimbia jikoni. Na kazi yenyewe niliifanya vizuri, ndiyo aibu yake. Rejeta ilikuwa imekaa chini kuliko injini, hivyo ni lazima umimine kidogo kidogo huku injini ikinguruma, ukikamua mipira ya kupitishia maji kwa mkono hadi hewa yote itoke. Nilikaa nayo saa mbili. Sikuacha povu hata moja.

Baba aliporudi aliniuliza kabla hajaketi. "Umeweka maji ya Mwaitu?"

"Nimeweka, Baba."

Mchungaji akaweka mikono juu ya boneti, watu wakaimba, baba akazunguka uwanja mara tatu akiendesha kwa mkono mmoja, na wazee wenzake wakipiga makofi kama watoto. Mama Mutua aliionja chai, akaniangalia, akanywa. Baba alikunywa vikombe viwili. "Chai ya leo imekuwa tamu," akasema, "kama ya kwa Mwaitu." Nilitabasamu. Sijui uso wangu uliwezaje.

Nilijiambia nitayabadilisha wiki ile ile. Lakini kubadilisha maji kulihitaji kuinua pua ya gari tena na kungoja hewa, na gari lililoinua pua huonekana mpaka barabarani. Baba angeuliza. Karatasi za usajili wa gari nazo zilichukua miezi mitano, muda wote huo tukilitembeza hadi sokoni na kanisani tu. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikanyesha, tangi letu likajaa likafurika. Maji matamu yalikuwa yakimwagika mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nikipita kando yake. Asubuhi moja nilishika spana kabisa nikainama chini ya rejeta. Baba akatoka na fimbo yake. "Unafungua nini hapo?"

"Naangalia mkanda tu, Baba."

Ugumu haukuwa tena ule wa chai. Kama ningesema, ilibidi niseme pia kwamba nilidanganya siku ya maombi, na wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Kwenye mpira wa juu kukaanza kutokea ukoko mweupe. Baba hakuweza kuinama auone. Mimi niliufuta kwa kitambaa kila Jumamosi, na maji yalipopungua nikaongeza ya kisima, nikiogopa kuchanganya, kana kwamba ingekuwa dhambi kubwa zaidi kutia kidogo yaliyo mazuri.

Mwezi wa pili shangazi akatuma habari kutoka Kanyangi. Susu ameanguka, hali chakula, anamuulizia mwanawe. Karatasi za gari zilikuwa zimetoka wiki iliyotangulia. Baba alivaa koti la kanisani. Akakataa kuandamana na mtu yeyote ila mimi, akakaa nyuma ya usukani, tukaondoka jua likichomoza.

Mpaka Athi gari lilikwenda vizuri. Baba alisimulia njia nzima, mambo ya utoto wake, jinsi Susu alivyokuwa akimpima urefu kwa mpini wa jembe. Tulipovuka mto na kuanza kupanda, nikaona sindano ya geji ya joto inapanda nasi. Baba alikuwa ameikazia macho barabara, iliyojaa mawe na mitaro.

"Geji inasema nini, Mwaitu?"

Hapo, mwanangu, bado palikuwa na nafasi. Kama ningesema simama, tungengoja injini ipoe na kupanda pole pole, tukipumzika kila kilima. Tungechelewa, lakini tungefika. Ila kusimama kulikuwa kufungua rejeta, na kufungua rejeta kulikuwa kuonekana.

"Iko sawa, Baba," nikasema.

Hatukumaliza kilima hicho. Mvuke uliruka kutoka kwenye boneti, injini ikagonga mara mbili ikazimika. Na injini ikizima, pampu ya usukani nayo hufa, usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Gari likaanza kurudi nyuma kuelekea mtaroni. Baba aliuvuta kwa mkono wake mmoja, mishipa ya shingo imemtoka, na ule mkono uliokataa nao ulikuwa ukijaribu, nikauona ukitetemeka juu ya goti. Nikaruka nikavuta breki ya mkono, nikaushika usukani pamoja naye. Likasimama. Mpaka leo nikilala vibaya ndoto yangu ni mkono ule unaojaribu.

Tulingoja hadi chuma kikapoa. Kisha akashuka, akaegemea fimbo, akaniambia nifungue kifuniko. Mdomo wa rejeta ulikuwa umeota chumvi pande zote, nyeupe na ngumu. Baba akaikwangua kwa ukucha, akaiweka ulimini.

Hakutema. Alifunga mdomo akaitazama barabara tuliyotoka.

"Hii si maji ya Mwaitu," akasema.

Nikamwambia yote. Chai, Mama Mutua, mtungi, yote, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Ungeniambia," akasema. "Ile Jumapili ungeniambia tu. Tungecheka." Akafuta ulimi kwa leso yake. Halafu akasema, "Inuka, Syombua. Tafuta kivuli tukae."

Nilisikia jina hilo kinywani mwake kwa mara ya kwanza.

Tulikaa kivulini hadi jua likapita utosi. Hatimaye likaja lori la mifugo likirudi tupu, la wafanyabiashara kutoka kaskazini mashariki. Dereva, Msomali mtu mzima, alimsalimu baba kwa mikono yote miwili, na alipoambiwa ni safari ya mama mgonjwa hakuuliza lingine. Sehemu ya mbele ilikuwa imejaa wazee wenzake, wakashuka wote kumpisha. Lakini ngazi ya lori ni ndefu. "Mzee, utatuwia radhi," dereva akasema, "sisi tutakubeba kwa heshima." Wanaume watatu wakamwinua baba, mmoja kwapani, wawili miguuni. Aliangalia pembeni. Nilishika fimbo yake, sikuweza kushika kitu kingine.

Tulifika Kanyangi saa kumi. Kabla lori halijazima nilisikia wanawake wakiimba nyimbo za msiba, nikajua. Shangazi alikuja akamshika baba miguu akiwa bado juu ya lori. "Amelala saa saba," akasema. "Alikuwa anauliza tu, si hiyo ni gari nasikia? Kila pikipiki ikipita, anauliza."

Mlangoni kwa Susu palikuwa na mtungi wa lita ishirini, umejaa hadi juu, umefunikwa kwa sahani ili vumbi lisiingie. Nikauliza ni wa nini. Shangazi akasema asubuhi ile Susu aliagiza tangi lifunguliwe. "Alisema gari ikifika ipewe maji kwanza, imetoka mbali."

Watu walipomuuliza baba kilichotuchelewesha, alinitazama, kisha akawatazama wao. "Mkanda ulikatika," akasema. Alikuwa mzee wa kanisa, na huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema. Aliusema kwa ajili yangu, mbele ya mwili wa mama yake.

Gari lilivutwa nyumbani. Nilibadilisha gasketi ya hedi, iliyoungua kwa lile joto, nikaisafisha rejeta kwa maji ya mtungi ule wa pili, kila kitu kikawa kizima. Baba hakuliendesha tena. Alisema mkono umechoka. Aliishi miaka minne, hakuninunia hata siku moja, tulikula pamoja na kucheka pamoja. Lakini nilikuwa Syombua. Mwaka wa tatu nilishindwa kuvumilia, nikamwomba msamaha tena. Akashangaa. "Si nilikusamehe pale pale barabarani," akasema, na najua alisema kweli. Kumbe mtu anaweza kukusamehe kabisa, na bado kuna kitu kisirudi, si kwa kuwa anakunyima, ila kimekufa mkononi mwake na yeye mwenyewe hajui pa kukitafuta. Alikufa akiniita Syombua, jina zuri, na mimi nikilitaka lile jingine.

Sasa basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Sikukatazi kukosea, maana nitakuwa naongea bure. Siku ile kosa langu lilikuwa mtungi mmoja wa maji, na dawa yake ilikuwa sentensi moja: Baba, nimepikia wageni chai. Niliiacha ikae, nikawa naifuta kila Jumamosi, ikala chuma, ikamla baba fahari yake, ikamnyima Susu sauti aliyoingojea. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, wakati mnaweza bado kucheka. Usingoje upate maneno mazuri, hayaji. Na akikuuliza mtu anayekuamini, geji inasema nini, mwambie geji inavyosema, hata kama itawabidi msimame kilimani jua likiwaka na wewe uonekane ulivyo. Aibu ya kusimama huisha mkifika. Mimi yangu bado ninayo, nimezeeka nayo.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema nimekosa. Akupe watu wa kukucheka kwa upendo badala ya kukuhurumia. Wanaokuita kwa jina la mapenzi waendelee kukuita hivyo mpaka masikio yako yazibe kwa uzee. Na kila safari utakayoanza, mwanangu, ukifika, ukute aliyekuwa akikungoja bado anakungoja.